Paka Wangu Nyumbani kwa Mtani

Ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, nayo ni asubuhi ambayo jirani yangu Maganga alinisalimia kwa adabu. Yeye alikuwa upande wake wa ua wa minyaa, mimi upande wangu, mswaki mdomoni. Akaniambia, "Habari za asubuhi, jirani." Basi. Akapita na ndoo yake.

Wewe utaona hiyo ni salamu ya kawaida, tena nzuri. Vuta subira nikueleze, maana mimi sijaliwa kueleza jambo kwa kifupi. Hata kwenye mtihani wa shule ya jioni niliomba karatasi za kuongeza mpaka msimamizi akaniuliza kama najibu maswali au naandika wosia.

Nakuandikia haya nikiwa nimechoka. Sijafika mahali pa kuomba dua za mwisho, usiogope, ila ni uchovu wa mtu aliyekuwa balozi wa nyumba kumi hapa Chanika kwa miaka ambayo hata chama chenyewe kimesahau hesabu yake. Nimesuluhisha kesi za mifugo nyingi kuliko mifugo iliyopo wilaya nzima ya Handeni. Mbuzi kala mboga. Bata kanya barazani. Jogoo kawika kabla ya adhana akamwamsha mgonjwa. Na siku hizi paka, paka, paka. Wiki haipiti bila mtu kuja amenishikia simu usoni, ananisikilizisha sauti ya jirani yake akilalamika juu ya paka, naye mwenye paka akija ananionyesha picha ya paka amelala kama malaika, eti ushahidi. Nawasikiliza mpaka chai inapoa. Wakiondoka namkumbuka Maganga, na magoti yanauma zaidi.

Kwanza uelewe utani ni nini, kwa sababu vijana mnadhani utani ni vile vichekesho vya kwenye simu. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao wakipita huku na mizigo kichwani kuelekea pwani, wakapigana na babu zetu na kutekana. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu nawe ukacheka. Ana ruhusa ya kuingia kwako akabeba kuku, ukamsindikiza mpaka njiani. Na ukifiwa, yeye ndiye anayefanya zile kazi ambazo ndugu wa damu mikono imewafa ganzi. Utani si mchezo, ni udugu uliovaa nguo za mchezo.

Babu yake Maganga aliletwa na kazi ya mkonge kule Korogwe, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Maganga mwenyewe alizaliwa kambini, akakua, akahamia hapa Chanika kutengeneza baiskeli na kulima mahindi kidogo. Tabora hakuwahi kuiona hata kwa picha, lakini Unyamwezi wake ulitosha kuugawia mkoa mzima wa Tanga na bado ukabaki wa kulalia. Kila alfajiri alichungulia juu ya minyaa akaniuliza, "Mateka wangu, bado hujafa?" Nami nilimjibu, "Nikifa nani atakulisha, mpagazi?" Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yetu na marahaba yetu. Mtu aliyehamia mtaani angedhani tutatoana roho kabla ya adhuhuri.

Nikwambie jambo moja tu ndipo ujue Maganga alikuwa nani kwangu. Baba yangu alipofariki, mama hakulia wala hakusema, alikaa tu kama amegeuka jiwe, na wanawake walianza kuogopa. Jeneza lilipoletwa uani, Maganga akaja na jembe la kuchimbia kaburi, akaliweka chini, akajilaza ndani ya lile jeneza tupu. Akafumba macho, akasema kwamba Mzigua huyu alimkopa tumbaku, kwa hiyo haendi popote peke yake, wanabebwa wote wawili. Watu walimsihi, akakoroma. Ndipo mama akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akalia kilio chake chote, akapona. Maganga akainuka, akapangusa vumbi, akaenda kuchimba kaburi bila kuambiwa. Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Sasa paka. Nilikuwa na paka dume, jina lake Meneja, kwa sababu alitembea kama wale mameneja wa mashamba ya mkonge: taratibu, mkia juu, akikagua asivyovipanda. Alikuwa mkubwa, mwanangu. Sisemi uongo, mbwa walimpisha njia, na niliwahi kumwona mbuzi mmoja akimwamkia. Sikumfuga kwa mapenzi ya paka. Handeni ni mahindi, na mahindi ni panya. Kabla ya Meneja, panya walikula mahindi ya darini, walipomaliza wakala sabuni, wakala kisigino cha kiatu changu cha kwendea shule ya jioni, mke wangu Zaina akasema wakimaliza kiatu watapanda mguuni. Meneja alipoingia, panya wakahama kata. Kwa hiyo nilimthamini, na mtu ukithamini kitu unakuwa kiziwi kwa wanaokisema.

Maganga alianza kulalamika kwa mtindo wetu. Meneja alimnyakulia kitoweo cha perege kwenye sufuria. Maganga akaja uani akatangaza kwamba mjomba wangu mwenye mkia amekuja kula kwake bila hata kunawa. Nikamjibu kwamba huyo amekuja kukusanya ushuru ambao babu zake walipita bila kulipa. Watu wa karibu wakacheka, naye akacheka.

Mara nyingine Meneja akachukua kifaranga. Safari hii nilitoa hukumu pale kwenye kijiwe chake cha baiskeli, mbele ya wateja, kwa sauti ya hakimu. Nilisema hivi: mtani anaruhusiwa kuchukua kuku wa mtani, paka wa Mzigua ni Mzigua, kwa hiyo Meneja hajaiba, ametimiza mila. Mwanangu, kile kicheko kilisikika mpaka stendi. Mtu mmoja alicheka mpaka akaangusha baiskeli aliyokuwa ameishika. Nilienda shuleni jioni ile nikijiona mwanasheria. Tena usiku uleule mwalimu wa uraia alitufundisha maana ya ujirani mwema baina ya nchi na nchi, nikanyoosha mkono nikaeleza vizuri kuliko wote.

Maganga naye alicheka pale kijiweni. Nilimwona meno. Macho sikuyatazama.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Wala si kwamba sikuwahi kuisikia methali hiyo. Nilikuwa nimeiandika kwenye insha nikapewa alama nzuri. Kujua methali si kazi, mwanangu. Kazi ni kujua leo ndiyo siku yake.

Mkewe Maganga aliitwa Veronika, mtu wa watu, mpole, mwenye sauti ndogo. Walikuwa wameoana muda mrefu na Mungu hajawapa. Si kwamba hakushika mimba, alishika, lakini zilizotangulia zote hazikufika. Safari hii ilifika karibu, ila mtoto akaharakisha, akatoka kabla miezi yake haijatimia. Walilazwa kule Korogwe kwa muda, kisha wakaruhusiwa wakarudi na kitoto cha kike ambacho Zaina alikwenda kukiona. Mkono wake wote, alisema, ni kama kidole changu cha shahada. Hospitali walikuwa wamewaelekeza: mtoto njiti asipate baridi, akae kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mama yake Veronika alikuwa kule Mnyuzi, miguu imemvimba, hawezi safari. Ndugu wa Maganga ndio hao wa Tabora asiyoijua. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo walikuwa wao wawili na hicho kitoto, na upande wa pili wa minyaa nilikuwa mimi.

Na paka anapenda joto. Hili unalijua hata bila kusoma. Chumba chenye mzazi na kichanga, madirisha yamefungwa, mablanketi yamejaa, kwa paka ni pepo ya daraja la kwanza. Nyumba ya Maganga ilikuwa na upenyo kati ya ukuta na bati, Meneja akaufanya mlango wake. Walizibia gunia, akalivuta. Siku moja Veronika alimlaza mtoto kitandani kidogo tu ili ajimwagie maji, na aliporudi alimkuta Meneja amejikunja pembeni ya mtoto, shavu kwa shavu, amelalia ncha ya nguo aliyofunikwa. Angesogea kidogo tu, uzito ule, juu ya pua ile.

Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilichokiona mimi ni Maganga akija uani, na kwa bahati mbaya alinikuta na rafiki zangu wawili wa shule ya jioni. Akasema, "Mateka, mfunge mjomba wako. Atanilalia mtoto."

Ukisikiliza vizuri, hakukuwa na utani pale zaidi ya hilo neno la mwanzo. Lakini mimi niliposikia mateka, nikasikia ngoma ya kawaida, nikaingia kucheza. Nikamjibu, "Mpagazi, kama mmezaa mtoto mdogo kuliko paka, lawama ni ya nani? Mpeni ugali akue, ndipo wapigane vizuri."

Rafiki zangu wakacheka. Maganga akasema, "Haya." Akarudi ndani.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole huuma ukalia, ukajua umeumia. Ulimi ukijikwaa unaendelea kutembea unacheka.

Kesho yake asubuhi ndipo akanipa ile salamu. Habari za asubuhi, jirani. Nikadhani kabuni utani mpya, nikamjibu kwa madaha ya karani wa wilaya. Hakucheka. Keshokutwa hivyohivyo. Nikaanza kuisimulia shuleni kama kichekesho, jinsi Mnyamwezi wangu alivyopata ustaarabu. Kisha vitu vikaanza kurudi. Ungo wetu ulirudi umepanguswa vumbi. Mtwangio wetu, ambao ulikaa kwao muda mrefu hata nikasahau ni wa nani, ukarudi umeoshwa, na asante juu yake. Hata moto hawakuja kuomba tena, na moto ule tulikuwa tunapeana bila kuitana.

Zaina ndiye aliyeshtuka. Aliniambia kwamba jirani akikurudishia vitu vyote kwa mpigo, anahama, au anakuhamisha wewe moyoni mwake. Nikamwambia aache kukuza mambo. Mimi, mwanangu, nikamwambia mtu mwingine aache kukuza mambo.

Bila kunishauri, Zaina alimtumia salamu Mjomba Salehe kule Magoma. Huyu ni kaka wa mama yangu, mkulima, mfupi, mwenye kikohozi, na kwa Wazigua mjomba akija kwa jambo lako huulizi amekuja kwa nini, unatandika mkeka. Alishuka kwenye gari na kikapu cha mihogo. Njiani, kabla hajafika kwangu, alikutana na Maganga, na Maganga akampa shikamoo, akampokea kikapu, akamfikisha mpaka kwangu, akaaga.

Mjomba aliketi, akanywa maji, akakohoa kikohozi chake chote, ndipo akaniuliza, "Mhina, huyu mtani wako anaumwa?"

Nikasema haumwi, kwa nini? Akasema kila mara anapokuja hapa Maganga humpora kofia, humpekua kikapu, humwambia mihogo ya Magoma ni chakula cha ngiri, kisha huondoka na nusu yake. Leo amebebewa kikapu mpaka mlangoni na hakuna muhogo uliopungua. "Mtani akikutukana, nyumba yako ina ulinzi," akasema. "Akianza kukuheshimu, uliza umekosa nini."

Nikamweleza habari ya paka. Nilianza kwa kuisimulia ile hukumu yangu ya kijiweni, nikitegemea atacheka. Hakucheka hata kwa pua. Aliniacha nikamaliza, nikafika kwenye maneno ya ugali na mtoto, na nilipokuwa nayatamka mbele yake peke yake, bila rafiki wa kucheka, nikayasikia kwa mara ya kwanza.

Mjomba hakunifokea. Alichoka, nadhani, alikuwa na umri kama huu wangu wa sasa, na sasa naelewa kwamba mtu akifika hapa, kufoka kunamgharimu siku nzima. Aliniambia taratibu kwamba utani una mipaka yake, nayo iko mitatu tangu enzi za babu zake: hauingii chumba cha mgonjwa, hauingii nyumba yenye njaa, na hauingii kwa mzazi aliye ndani na kichanga. Mtu akivuka hapo, huyo hatanii tena, anatukana. Akaongeza neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Yeye alikuja kukuomba, na lugha pekee mliyowahi kuzungumza ni ya utani. Ulitaka akuombe kwa lugha gani?"

Nikataka kumaliza jambo haraka, kama vijana wote. Nikasema basi, namtia Meneja kwenye gunia, napanda naye gari mpaka Mnyuzi, namwachia kule karibu na reli, biashara imekwisha. Mjomba akaniuliza, na huko Mnyuzi hakuna vichanga? Akaniuliza tena, na panya wangu nitawapeleka na gunia lipi? Paka akiondoka panya hutawala. Nitajikuta mwezi ujao natafuta paka mwingine, na jirani atakuwa yuleyule na mimi nitakuwa yuleyule.

"Mnyama hana kosa," akasema. "Inuka twende. Na hatupitii uani."

Hilo ndilo sikulitegemea. Mimi na Maganga hatukuwahi kupita mlangoni. Palikuwa na pengo kwenye minyaa, tulilipanua wenyewe kwa miaka kwa kupita. Mjomba akasema maneno ya pengoni yamekwisha. Leo tunazunguka barabarani, tunafika mbele, tunabisha hodi kama watu wenye shida. Nilivaa kanzu. Zaina akafunga uji wa ulezi kwenye chupa. Tulizunguka mtaa ule mdogo, hatua chache tu, na nakuapia ilikuwa safari ndefu kuliko kwenda Dar es Salaam kwa baiskeli.

Tukapiga hodi. Sauti ikasema karibuni, taratibu.

Maganga alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, shati limefungwa juu ya kitu. Ndani ya shati, amefungwa kifuani kwa khanga ya mkewe, alikuwa mtoto. Palionekana kikofia tu cha sufu, kidogo kama kikombe cha kahawa. Veronika alikuwa amelala sakafuni kwenye mkeka kama mtu aliyeangushwa, hakusikia hata hodi. Na pembeni ya Maganga palikuwa na fimbo, na macho yake, mwanangu, yale macho ambayo sikuyatazama kijiweni, yalikuwa mekundu na yameingia ndani. Tangu siku ile ya Meneja kitandani walikuwa wanapokezana zamu: mmoja ambebe mtoto, mwingine alale, na aliyebeba asisinzie, kwa sababu ya baridi, na kwa sababu ya paka wangu. Mchana Maganga alikuwa anaziba mapancha ya baiskeli za watu huku anasinzia, usiku akikaa pale.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa na hotuba, ina utangulizi na hitimisho. Yote yakanitoka. Nikapiga magoti pale mlangoni, na kanzu yangu, nikasema, "Nisamehe, Maganga. Sikukusikia."

Nilidhani atanifukuza. Mjomba alikuwa amenieleza njiani kwamba huenda ameshanizika moyoni, na nilikuja nikiwa tayari kwa hilo. Lakini alichosema hakikuwa hicho.

"Sikukasirika, jirani," akasema kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto. "Nimechoka tu. Sina nguvu ya kukutania. Kila nikikuona pale uani natafuta neno la kukutukana, silipati, basi nakusalimia."

Kisha akasema, "Siku ile nilikuja kwa utani kwa sababu ningesema bila utani, ningelia. Na walikuwepo watu."

Mjomba Salehe akageuka akatazama barabarani. Mimi sikuwa na pa kugeukia.

Nimeishi sana baada ya siku hiyo, nimesoma na vitabu, na sijakutana na maneno mazito kuliko hayo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Hasira ina faida, inakupa mtu wa kubishana naye. Uchovu haukupi chochote. Unakaa mbele yako tu, umevaa shati, umebeba mtoto.

Basi tulifanya kazi. Mjomba alimimina uji, akamnywesha Maganga kikombe mkononi kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika mtoto. Veronika alipoamka, Zaina alikwisha kuja, akachukua nguo zote chafu akaenda kuzifua. Mimi nilirudi kwangu, nikaleta ngazi, nikakanda udongo, nikachukua na wavu niliokuwa nimeununua kwa ajili ya banda langu la kuku. Nilipanda nikaziba ule upenyo kuanzia pembe moja mpaka nyingine, wavu kwanza, udongo juu yake, nikaacha tundu za kupitisha hewa ambazo hata panya mchanga angepita kwa kuomba radhi. Nilifanya kwa vidole, sikupiga nyundo hata moja. Na nikiwa juu ya ngazi nilisikia chini yangu mkoromo. Maganga alikuwa amemkabidhi mkewe mtoto, akalala palepale alipokuwa amekaa, mdomo wazi. Nikaendelea kukanda udongo mahali palipokwisha kuzibika, nisije nikashuka nikamwamsha.

Meneja naye alipata mabadiliko ya uongozi. Tulianza kumlisha jioni kabla hajaenda kutafuta, maana paka wa kutembea mara nyingi ni paka wa njaa, na mimi nilikuwa namwachia panya kama mshahara pekee. Jua likizama nilimfungia darini na mahindi. Kisha bwana mifugo akamhasi. Hakuwahi kufanya kazi hiyo kwa paka, alizoea mafahali, na alisema heri mafahali. Alitoka pale na mistari mikononi kama ramani ya barabara za wilaya. Lakini baada ya hapo Meneja alitulia, akanenepa, akawa mtu wa barazani. Kwa muda wote ule kitoto kilipokuwa kinabebwa kifuani, Zaina naye alikuwa na zamu yake, ngozi kwa ngozi, alasiri mpaka magharibi, ili wale wawili walale pamoja walau kidogo.

Mtoto aliishi. Alikuwa anaongezeka kidogo kidogo, kama mahindi ya mwaka wa mvua haba, unaona leo hajakua, kesho hajakua, kisha unashtuka amekufikia kiunoni. Utani ulirudi, lakini haukurudi siku ile wala wiki ile. Ulirudi kwa tahadhari, na kuna maneno hatukuyatumia tena. Sikuuliza kwa nini. Mwenye kovu usidhani kapoa. Maganga ametangulia mbele za haki, nami ndiye niliyechimba kaburi lake kama mila inavyotaka, ila kujilaza kwenye jeneza lake nilishindwa. Nilijaribu kusema kichekesho mbele ya Veronika, sauti haikutoka. Labda naye alinielewa, mimi niliyechelewa kumwelewa mumewe.

Sasa nasaha yenyewe, mwanangu, ndiyo hii, nikukabidhi nikapumzike.

Jirani akija kulalamika juu ya paka wako, usiongelee paka. Paka hana mahakama. Mtazame aliyekuja. Tazama macho yake kabla ya kujibu, uliza nyumbani kwake kuna nini, kuna mgonjwa, kuna kichanga, kuna mtu asiyelala. Mara nyingi anachokuletea mlangoni ni sehemu ndogo tu ya mzigo wake, ile sehemu yenye mkia inayoweza kutajwa bila aibu. Usijali amekuja kwa lugha gani. Mwingine atakuja na utani, mwingine na matusi, mwingine atakutumia sauti ya simu amefoka. Kila mtu huomba kwa lugha aliyonayo. Na wewe unayelalamika, ukiona hujasikika pengoni, usinyamaze ukaanza kurudisha vyungu. Zunguka upite mlangoni, useme kwa maneno meupe kwamba unaogopa. Kuogopa si aibu. Kisha mwenye paka afanye kazi kwa mikono yake: amlishe, amfungie usiku, azibe tundu la jirani kwa udongo wake mwenyewe. Samahani isiyo na udongo kwenye kucha ni hewa. Wala usimtupe mnyama kijiji cha pili ukadhani umemaliza, umemhamishia shida mwenzako ambaye hata jina lako la kulilalamikia halijui.

Na kama una kipaji cha kuchekesha watu, mshukuru Mungu, maana ni neema. Lakini kabla hujafungua kinywa angalia kama mwenzako naye anacheka kwa macho.

Haya, nenda. Mola akupe nyumba isiyovuja na moyo unaosikia. Akupe watoto wanaokua, hata wakikua polepole. Akujalie usingizi usiku, mwanangu, na kila unapolala wewe, jirani yako naye awe amelala.